Nilivyookoa slabu ya nyumba ya mama Likoni

Nyumba ya mama iko Likoni upande wa bahari, kusi ikivuma ukilamba ukuta unahisi chumvi, sitanii. Slabu ya baraza ilianza kupasuka kitambo, nikaita fundi akapiga plasta, ikakaa mwaka ikadondoka, tukapiga tena. Zile mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zilipopita ndo pande zima likaanguka usiku, alhamdulillahi hakukuwa na mtu chini, nondo zikabaki nje zimevimba kutu.

Mpwa wangu anayesoma uinjinia akaja akapuliza dawa flani pale palipobomoka. "Mjomba, zege zima hugeuka waridi, hapa halijageuka mpaka kwenye nondo." Kumbe zege lina ualkali wake (kinyume cha asidi) ndo unailinda nondo, sasa hewa ya kaboni inaingia pole pole inaumaliza, na hewa yenyewe imezidi, kabla ya viwanda ilikuwa kama chembe 280 kwa milioni na sasa imepita 420. Tia chumvi, tia joto maanake joto linaharakisha kutu, halafu mvua kubwa jua kali mvua tena. Na kutu inataka nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma chenyewe, kwa hivyo inalisukuma zege kutoka ndani. Plasta yangu ilikuwa kupaka poda juu ya jipu!

Lakini tusisingizie hali ya hewa kila kitu. Nondo zilifunikwa na sentimita moja tu, karibu na bahari hivi ilifaa nne ama tano. Hali ya hewa haikuiba biskuti za fundi, vile vipande vya kuinulia nondo zisilale chini kabla ya zege kumwagwa.

Basi tukaweka miti ya kushikilia, tukagonga kila palipolia debe tupu, tukachimba mpaka nyuma ya nondo (fundi alitaka kuishia mbele, tulibishana sana hapo), brashi ya waya mpaka chuma king'ae, tukaosha na maji ya mfereji kwa sababu kisima chetu kina chumvi. Nondo mbili zilikuwa zimeliwa, tukaungia mpya, rangi ya kuzuia kutu, zege la kukarabati, kisha siku saba narushia maji asubuhi na jioni, mama analalamika baraza yake imekuwa dimbwi.

Chumba cha nyuma bado. Kuna ufa juu ya dirisha sijaupenda, Jumamosi napanda na nyundo.