Kabla ya kuongeza mapipa, itazame Abqaiq

Ninaposoma mipango ya kupanua miundombinu ya mafuta katika nchi za Ghuba, jambo la kwanza ninalolitafuta si idadi ya mapipa yatakayoongezeka, bali ni mahali ambapo mapipa hayo yote yatakutana. Sababu yangu ni Abqaiq. Kiwanda hicho cha Saudi Aramco, kampuni ya mafuta ya taifa, kilichoko mashariki mwa Saudi Arabia, hutenganisha mafuta ghafi na gesi zilizoyeyuka ndani yake, ikiwemo haidrojeni salfaidi yenye sumu, na kazi hiyo isipofanyika mafuta hayawezi kupakiwa melini kwa usalama.

Mnamo Februari 2006 al-Qaeda walijaribu kuingia humo kwa magari yaliyosheheni mabomu, wakazuiwa langoni. Lakini tarehe 14 Septemba 2019 hatari haikupitia langoni. Kwa mujibu wa wizara ya ulinzi ya Saudia, droni 18 zilikishambulia kiwanda hicho, na makombora manne yakapiga eneo la visima vya mafuta la Khurais. Picha za satelaiti zilionyesha matangi ya mviringo yametobolewa karibu upande ule ule, tundu baada ya tundu. Mitambo ya ulinzi wa anga ya Patriot, ambayo imeundwa hasa kutungua makombora yanayotoka juu sana, haikufua dafu mbele ya vitu vilivyoruka chinichini. Uzalishaji wa takriban mapipa milioni 5.7 kwa siku ulisimama, zaidi ya nusu ya mafuta ya nchi nzima.

Wengi walihitimisha kwamba dawa ni silaha zaidi. Mimi sikubaliani nao, kwa maana kilichowaokoa wateja wa Aramco katika wiki zile ni mafuta yaliyokuwa yamehifadhiwa na mafundi waliofanya kazi usiku na mchana.

Njia mbadala nazo zina mipaka yake. Bomba la Mashariki–Magharibi, lenye urefu wa kilomita zipatazo 1,200 kutoka Abqaiq hadi bandari ya Yanbu kwenye Bahari ya Shamu, lilijengwa wakati wa vita vya Iran na Iraq ili kuukwepa Mlango-bahari wa Hormuz, njia nyembamba ya kutokea Ghuba. Hata hivyo, mwezi Mei 2019 vituo vyake viwili vya kusukuma mafuta vilishambuliwa kwa droni. Isitoshe, meli inayotoka Yanbu kwenda Asia kwa njia fupi hupita mlango-bahari wa Bab el-Mandeb, karibu kabisa na Yemen, ambako waasi wa Houthi wanaweza kuishambulia. Tena bomba lenyewe linaanzia Abqaiq (na hapo ndipo ninapochoka kabisa na ramani za wapangaji).

Kwa hiyo, fedha za upanuzi ningezielekeza kwanza katika kugawa kazi ya kuchakata mafuta kwenye viwanda kadhaa vilivyo mbalimbali, kisha katika vipuri vya minara ya kutenganisha gesi na vya kompresa (mashine za kugandamiza gesi), ambavyo huundwa kwa oda maalumu na huweza kuchukua miezi mingi kupatikana. Vipuri hivyo viwekwe ghalani mapema, mbali na mitambo vinayoihudumia. Bajeti ya silaha ije baada ya hapo.