Saa tatu kamili, napigwa picha

Tangu Ramadhani ipite, laptopu yangu hunipiga picha kila siku saa tatu asubuhi, niwe tayari nisiwe. Kazi yote ni mstari mmoja wa cron, ratiba ya kompyuta ya kuendesha kazi kwa saa maalumu, unaoiita fswebcam, programu ndogo ya kupiga picha kwa kamera ya kompyuta. Unaanza na 0 9, yaani dakika 0 ya saa 9, maana kompyuta haijui saa zetu za Kiswahili. Picha za mwanzo zilitoka nyeusi tii: kamera ikiamka hutaka muda kuzoea mwanga. Nikaongeza -S 20, iruke fremu 20 za mwanzo, ikatulia.

Umeme ukikatika hapa Chake Chake, Pemba, na betri imekwisha, siku hiyo haina uso. Ijumaa nina kofia. Picha moja imemnasa mama mlangoni na bakuli la muhogo wa nazi, akiuliza, "Mwanangu, wamchekea nani?" Hiyo siifuti.