Majina kwenye Nyasi za Mahakama

Leo nilisimama kwa muda mrefu kwenye nyasi za mahakama ya Easton, mji mdogo wa kaunti ya Talbot, jimboni Maryland, Marekani, nikiitazama sehemu ambayo kwa zaidi ya miaka 100 ilikuwa na sanamu ya kijana aliyeshika bendera ya jeshi la Kusini. Msingi wake ulijengwa 1914 na sanamu ikawekwa 1916, nusu karne baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kwisha, na jiwe likachongwa majina ya wenyeji zaidi ya 80 waliokwenda kupigania majimbo yaliyojitenga ili utumwa udumu.

Hayo majina ndiyo yanayoniuma. Maryland haikujitenga, na wana wa Talbot waliojiunga na jeshi la Muungano, yaani upande wa Kaskazini uliopigana na majimbo yaliyojitenga, walizidi 300, wakiwamo wengi waliotoka utumwani, lakini hao hawakuchongewa jiwe hapa. Mtu mweusi aliyeitwa kujibu shtaka alimkuta kijana yule wa shaba kabla hajamwona hakimu; jambo hilo kwangu ni zito kuliko hoja zote za urithi nilizowahi kuzisikia.

Frederick Douglass, mtumwa aliyekuja kuwa mpinzani mashuhuri wa utumwa, alizaliwa katika kaunti hii mwaka 1818, na mwaka 1836 alitiwa gerezani mjini humu kwa kupanga kutoroka na wenzake. Sanamu yake iliwekwa kwenye nyasi hizi mwaka 2011, na kwa karibu miaka 11 alisimama uwanja mmoja na yule mbeba bendera, hadi Machi 2022, mbeba bendera alipoondolewa kwa uamuzi wa baraza la kaunti na kupelekwa Virginia, kwenye uwanja wa vita wa Cross Keys.

Nilizikumbuka sanamu za askari wa Kiafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia kwenye barabara ya Kenyatta, Nairobi, ambapo maandishi yanawaahidi waliopigana kwamba wana wao watayakumbuka majina yao, ilhali jiwe lenyewe halina jina la hata mmoja wao.

Wanajeshi weusi 18 wa Muungano, waliporudi kutoka vitani, walianzisha kijiji cha Unionville, si mbali na Easton, na wamezikwa kando ya kanisa lao. Alasiri nilikwenda huko, nikapita kaburi hadi kaburi nikiyasoma majina kwa sauti, kisha nikayanakili katika daftari langu.