Heller za Tabora na jicho lenye haraka

Jumapili jioni

Wakusanyaji wa sarafu wa hapa Dar wakikutana siku hizi, hawachukui muda kabla ya kuigusa kampuni ile ya Marekani tuliyozoea kuipelekea sarafu zetu zipewe daraja. Huduma imeshuka. Wengi wanalalamikia ucheleweshaji, nami nawaelewa, lakini ucheleweshaji unavumilika. Kinachoniuma ni kwamba macho yanayotazama sarafu yanakimbizwa, na yakikimbizwa, wa kwanza kuonewa ni sarafu za kwetu.

Kwa asiyeujua mchezo: unatuma sarafu, wakadiriaji wanaangalia kama ni halali na kama haijachezewa, halafu wanaipa namba kati ya 1 na 70. Kipimo hicho kilianzishwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani, kikaja kuenea kwa sarafu nyingine. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haijazunguka mikononi mwa watu. 50 hadi 58 imeguswa kidogo tu. 40 na 45 imetumika lakini bado nzuri. Sarafu iliyosafishwa au kukwaruzwa hainyimwi kasha, ila namba yake inaondolewa na lebo inataja kasoro. Ikishakadiriwa inafungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki lenye namba ya uthibitisho. Mnunuzi wa Nairobi au Berlin hajaishika sarafu yako, anaiamini lebo. Ndiyo maana lebo ikikosewa, hasara ni ya kweli.

Chukua heller 20 ya Tabora ya mwaka 1916. Heller ilikuwa pesa ndogo ya koloni la Wajerumani la hapa Afrika Mashariki. Waingereza walikuwa wamewafungia Wajerumani njia ya bahari, sarafu zikaadimika katika koloni, ndipo zikaanza kupigwa hukohuko Tabora katika karakana ya reli. Zilitoka heller 5, heller 20, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, ambayo ilitoka vipande 16,198 tu. Heller 20 ndiyo inayomtesa mkadiriaji. Ipo ya shaba nyekundu na ipo ya shaba ya manjano. Upande wa taji una chapa mbili, taji kubwa na taji dogo. Upande wa thamani una chapa tatu, na tofauti yake iko kwenye herufi mbili za L katika neno HELLER: ya kwanza, ncha ya L ya pili imejikunja, ya pili, ncha za L zote zimechongoka, ya tatu, zote zimejikunja. Changanya chuma (yaani madini ya sarafu), taji na L, upate orodha ndefu ambayo baadhi yake ni za kawaida na baadhi ni adimu hasa. Kuzitofautisha kunahitaji lenzi ya kukuza mara 10, taa moja ya pembeni, na utulivu. Utulivu ndio uliopungua.

Kosa la kwanza linalorudi na sarafu kutoka Marekani ni la chuma. Shaba ya manjano iliyokaa miaka mia moja inakuwa kahawia, na kwa jicho la haraka inapita kama shaba nyekundu. Uzito hausaidii sana, kwa sababu visahani vya Tabora, yaani vipande bapa kabla ya kupigwa chapa, havikuwa sawasawa. Kinachosaidia ni kutazama ukingo na sehemu zilizoinuka, pale ambapo rangi ya nje imelika, kwa mwanga wa mchana: manjano inajitokeza yenyewe. Njia ya uhakika zaidi ni kifaa cha kupima madini kwa mionzi ya eksirei, kama kile wanachopimia dhahabu. Kikionyesha zinki ya kutosha, hiyo ni shaba ya manjano, hakuna mjadala. Fanyeni hivyo kabla ya kutuma, kwa sababu ikishaingia kwenye kasha ukingo unafichwa na ule mpira mweupe unaoishikilia, na ubishi unakuwa mgumu.

Kosa la pili ndilo linaloumiza zaidi mfukoni: kuchukulia chapa dhaifu kuwa ni kuchakaa. Mashine ya Tabora haikuwa ya kiwanda cha Berlin. Sarafu nyingi zilipigwa chapa kwa nguvu isiyotosha, hivyo sehemu ya taji au ya majani ni bapa tangu siku ya kwanza. Tofauti inaonekana ukiielewa. Sehemu iliyochakaa ni laini, rangi yake inatofautiana kidogo na uwanja unaoizunguka, na kingo za herufi zimekuwa mviringo. Sehemu ambayo chapa haikufika bado ina ngozi ya kisahani chenyewe: vijistari na vijishimo vidogo vya asili ambavyo msukumo ungevifuta. Izungushe polepole chini ya taa. Mng'aro ukipita juu ya ubapa ule bila kukatika, sarafu haijachakaa. Mpasuko mwembamba ukingoni au ngozi iliyobanduka kidogo vinatokana na kisahani kibovu, si ajali ya baadaye. Mkadiriaji anayejua anatoa 58 au 62. Mwenye foleni ya kumaliza anaandika 40, au anaondoa namba kabisa kwa kudhani sarafu imeharibiwa.

Kosa la tatu ni la lebo tu, lakini nalo linaudhi. Rupia ya mwaka 1905 ilipigwa Berlin ikiwa na herufi A, na Hamburg ikiwa na herufi J. Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1944 ipo yenye H na ipo yenye SA, ya Pretoria. Pysa za Zanzibar zina mwaka wa Hijria kwa tarakimu za Kiarabu, 1299 au 1304. Haya si mambo ya kubahatisha, yameandikwa kwenye sarafu yenyewe, na bado lebo zinakuja zimebadilishana herufi. Pamoja na hayo kuna uchafu ndani ya kasha: uzi wa nguo, alama ya kidole juu ya fedha, sarafu iliyofungwa ikiwa imepinda upande kama picha iliyotundikwa vibaya.

Kwa nini imefika hapa? Sehemu ya sababu inajulikana. Kuanzia 2020 watu wengi waliokuwa wamefungiwa majumbani walirudi kwenye makusanyo, na mizigo ikafurika katika kampuni hizi za kukadiria, ambazo baadhi pia zina kampuni dada zinazokadiria kadi za michezo. Mwaka 2021 kampuni kubwa za kazi hii zikaingia mikononi mwa wawekezaji wapya. Nadhani hesabu ikawa ni idadi ya makasha kwa siku. Kwa dola ya fedha ya Morgan, ambayo mkadiriaji anaziona nyingi kila siku, mwendo huo huenda usilete madhara makubwa. Kwa sarafu ya Tabora au ya Zanzibar ambayo ataiona mara chache kwa mwaka, mwendo huo ni dhuluma.

Hata huo muda una ujanja wake. Mzigo unapita hatua hizi: kupokelewa, kuingizwa kwenye kompyuta, kukadiriwa, kufungwa, kukaguliwa, kutumwa. Ahadi ya siku kadhaa za kazi kwa kawaida huanza kuhesabiwa mzigo ukishaingizwa kwenye kompyuta, si ulipofika mlangoni. Boksi linaweza kukaa wiki nyingi halijafunguliwa na bado kampuni ikasema haijachelewa. Ukiuliza, unapata jibu lililoandaliwa tayari, lisilogusa swali lako.

Sasa, ya kufanya upande wetu.

Msisafishe. Limau, ukwaju, majivu, dawa ya meno, ile dawa ya kung'arishia vyombo vya shaba: vyote vinaacha mikwaruzo myembamba inayoonekana chini ya taa, na namba inapotea. Kitu pekee ninachokikubali ni asetoni safi, kwa ajili ya kuondoa mafuta na ule utelezi wa kijani unaotokana na vifuko vya plastiki ya PVC. Tumia bakuli la kioo, si la plastiki. Loweka dakika chache, usisugue, hamishia kwenye asetoni nyingine safi, acha ikauke yenyewe, na moto uwe mbali kabisa. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha haifai hata kama harufu ni ileile, kwa kuwa imeongezwa mafuta na rangi.

Vifuko laini vya PVC vinavyouzwa kwa bei poa ndivyo adui mkubwa wa shaba katika joto na unyevu wa Dar. Tafuteni vifuko vigumu kidogo visivyo na PVC, sarafu moja kila kifuko, bila pini za stepla, kwa sababu pini ndiyo hukwaruza wakati wa kufungua. Panga kwa mfuatano uleule wa fomu, kati ya makaratasi mawili magumu, funga kwa mpira, tikisa: isisikike hata kidogo.

Kabla ya kufunga, piga picha pande mbili na ukingo, kwa mwanga wa pembeni, na pima uzito kwa mizani ya sonara inayofika gramu 0.01. Rupia ya fedha iwe karibu na gramu 11.66. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iwe karibu na gramu 7.17, na hiyo usitume wala usinunue bila kupima, maana za bandia ni nyingi. Kwenye fomu usiandike tu "Afrika Mashariki ya Kijerumani, heller 20". Andika chuma, ukubwa wa taji, aina ya L, na namba ya katalogi, kisha ambatisha picha ndogo yenye mshale. Mara nyingi kutambuliwa kwa aina ya chapa kunalipiwa kando. Usipotia alama kwenye kisanduku hicho, lebo itakuja kavu hata kama mkadiriaji ameiona tofauti. Thamani unayoitaja isiwe ya uongo. Ukiishusha ili ulipe ada ndogo, mzigo ukipotea bima inakulipa hichohicho ulichoandika.

Kuhusu kurudi: beba nakala za nyaraka za kutoka, zenye picha na idadi, ili forodha waone kwamba ni mali iliyotoka na kurejea. Bila hizo mzigo unaweza kutazamwa kama bidhaa mpya, na VAT ya asilimia 18 inaanzia hapo. Na sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zisiguse boksi hilo kabisa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavihesabu vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 kuwa mali ya kulindwa, na kuvitoa nchini kunataka kibali. Hili nalisema kwa uzito wote, kwa sababu wapo wanaozichukulia kama vipande vya kawaida.

Boksi likirudi, lifungueni mbele ya kamera bila kukata video. Linganisheni namba ya uthibitisho na ile iliyo kwenye mtandao wa kampuni, tazameni lebo herufi kwa herufi, kisha sarafu kwa lenzi kupitia plastiki, mkilinganisha na picha za kabla. Kosa la lebo lipelekeni siku hiyohiyo, likiwa na picha mbili na sentensi mbili, si barua ya kurasa tatu. Makosa ya uandishi kwa kawaida hurekebishwa bila ada, ingawa gharama ya kutuma tena ndiyo inayotuumiza sisi wa mbali. Namba mnayoipinga ni jambo jingine: ni maoni, na kuipinga kunamaanisha kulipa upya.

Someni pia dhamana kabla ya kuitegemea. Mara nyingi kubadilika kwa rangi ya shaba baada ya kufungwa hakumo, wala kosa la lebo lililo wazi. Na kasha halizuii hewa kabisa. Kwa hiyo heller ya shaba iliyowekwa Upanga au Kigamboni, karibu na bahari, dhamana yake ni nyembamba pale inapohitajika zaidi. Wekeni makasha kwenye boksi linalofungika vizuri pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, na vibadilisheni au vikausheni vikishiba.

Sitaki kampuni ife. Wakadiriaji wake wa zamani walifanya kazi ambayo iliwaokoa wengi wetu na sarafu za bandia, na sarafu za rupia mbili za 1893 na 1894 au dhahabu ya Tabora bado zinastahili kufungwa na mtu wa tatu asiye na maslahi. Ninachotaka ni kitu kinachowezekana: sarafu za Afrika Mashariki zipite mikononi mwa mtu mmoja anayezijua, na pale namba inapoondolewa, sababu itajwe kwa sentensi nzima badala ya neno moja. Barua ya kuomba hivyo ni bora iende ikiwa na majina ya wakusanyaji wengi kuliko malalamiko ya mmoja mmoja. Mpaka hapo, senti 10 zenye tundu na senti 20 za mbuni za 1966 hazina haja ya kusafiri, maana ada inazizidi thamani, na heller 20 za shaba ningeziacha Dar, zikiwa zimepimwa chuma, zimepigwa picha na kuandikwa aina yake, ili mnunuzi aje azitazame kwa jicho lake.