Nilivyoacha msumeno nikashika kikata paipu

Miaka mitatu nimekata paipu za shaba kwa msumeno wa chuma na nikajiita fundi. Aliyeniumbua ni AC ya gesti moja huku Moshi, pale Shanty Town (jina tu hilo, wenyewe wana hela kuliko sisi wa Pasua). Niliifunga Ijumaa. Jumatatu mama mwenye gesti akapiga, hata shikamoo yangu hakuimalizia: "Mwanangu, njoo uone ulichonifanyia."

Gesi yote ilikuwa imetoka. Kufungua nati, nikaona paipu nimeikata mshazari, kwa hiyo nilipoutanua mdomo wake ili nati iubane, upande mmoja ulikuwa mpana na wa pili mwembamba. Nati ya namna hiyo ukaze mpaka mkono ukuume, itavuja tu.

Dukani nikaonyeshwa kikata kikubwa na kidogo cha kuenea kiganjani. Nikachukua kidogo, maana nyuma ya friji hakuna nafasi ya kuzungusha mkono, na paipu zangu nyingi ni za robo inchi na za inchi 3/8. Kabla ya kulipa nilichezea kigurudumu cha kukatia. Cha kwanza kiliyumba, nikakirudisha.

Siku ya kwanza nilikikaza kwa pupa, paipu ikabonyea kama yai. Siku hizi nakaza hadi kigurudumu kiguse tu, nazungusha mara moja, nakaza kidogo, nazungusha tena. Inakatika imenyooka. Ila kwa ndani shaba husukumwa ikaacha ukingo, na huo lazima niukwangue, mdomo wa paipu ukiwa umeelekea chini ili chenga zianguke sakafuni zisije zikaingia kwenye kompresa. Halafu navisha nati kabla ya kutanua mdomo. Nimeshaisahau mara mbili, sijui ni fundi gani hajawahi.

Kapilari ya friji, yaani kale kapaipu kembamba sana kanakopitisha gesi, siigusi kwa kikata, katundu kake kataminyika. Naikwaruza kwa tupa kuizunguka, nakunja huku na huku mpaka ivunjike. Urefu napima na ile ya zamani, kwa sababu ikiwa fupi gesi itapita nyingi mno.

Kazi ya Shanty Town niliirudia bure, na gesi kwa hela yangu. Nikapaka povu la sabuni kwenye nati zote nne, nikachuchumaa kuzitazama kama anayesubiri maziwa yachemke. Hakuna kilichotoa mapovu. Mama akaniletea chai ya maziwa na kitumbua kimoja.