Jinsi mama alivyoponea chupuchupu kuwekewa betri ya moyo

Mama alipoanguka mara ya pili, sufuria ya uji ilikuwa mkononi. Nilimshika kifundo cha mkono nikahesabu kwa saa ya simu: mapigo 38 kwa dakika. Hospitali wakampima umeme wa moyo, na habari za betri, kile kifaa kidogo kinachopandikizwa kifuani kuongoza mapigo ya moyo, zikaanza kutajwa. Mimi nikaanza kupiga hesabu ya kiwanja cha kuuza.

Daktari wa moyo akataka kwanza kuona dawa zote. Nikamwaga mfuko mezani: atenolol ya presha, panadol, na kichupa cha matone ya macho ambacho nusura nikiache nyumbani. Ndicho alichokidaka. Timolol, ya presha ya macho. Kumbe matone yale hupenya hadi kwenye damu, na ni ndugu wa atenolol. Zote mbili hupunguza mapigo.

Atenolol haikatwi ghafla, kwa hiyo aliipunguza taratibu akampa nyingine. Daktari wa macho naye akabadilisha matone. Baadaye mama alivalishwa kile kimashine cha kurekodi moyo saa 24: mapigo 60 na kitu, hausimami popote.

Jirani yetu alikuwa na hitilafu ya moyo wenyewe, si dawa. Yeye betri ilimfaa kabisa.

Uji mama anapika. Sufuria nabeba mimi.