Asubuhi Moja Kwenye Cresta Run

Januari mwaka 2019 nilikuwa St. Moritz, mji mdogo wa milimani kusini-mashariki mwa Uswisi, nikifanya mafunzo ya vitendo katika jiko la hoteli moja baada ya kumaliza mwaka wangu wa kwanza wa chuo. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, na theluji ya Kibo niliijua kwa macho tu, kama kitu cheupe kinachojitokeza alfajiri kabla mawingu hayajafunga mlima, wala sikuwahi kuwaza kwamba kuna watu ambao kwa zaidi ya miaka 100 wameichukua theluji hiyo hiyo, wakaimwagia maji, wakaigandisha, kisha wakajenga juu yake desturi nzima ya maisha yao.

Aliyenipeleka kuwaona ni mzee mmoja kutoka Bukavu, aliyekuwa ameosha vyombo katika hoteli ile kwa miaka mingi na ambaye sote tulimwita Papa. Yeye aliniita Mama, kama wanavyowaita hata wasichana wadogo kwao, na Kiswahili chake cha Kivu kilinipa faraja ambayo siwezi kuieleza kikamilifu. Jioni moja tulipokuwa tukifuta masufuria aliniambia: “Mama, kesho kuja nikuonyeshe batu benye banashuka na kichwa mbele.” Zamu yetu ya kesho yake ilianza saa saba mchana, basi nikakubali.

Tulitoka saa mbili asubuhi, baridi ikiwa kali kiasi kwamba unyevu wa pumzi uliganda kwenye skafu yangu. Papa alitaka nianze kuona juu kabisa, karibu na mnara wa kanisa la kale ulioinama, mahali ambapo njia ile inaanzia. Cresta Run ni mfereji wa barafu ambao watu huuteremka kwa sleji, yaani vyombo vya kuteleza juu ya theluji na barafu; una urefu wa mita 1,212, unaoteremka bondeni kuelekea Celerina na kushuka mita 157 kutoka mwanzo hadi mwisho. Hauna saruji wala mitambo ya kugandisha. Kila mwaka theluji inapoanza kutulia, mafundi huujenga upya kwa koleo na maji, wakifuata kingo za udongo zilizoachwa mlimani, na kila mwaka majira ya kuchipua yakifika, jua huuyeyusha wote. Jambo hilo lilinishangaza kuliko mwendo wenyewe, kwa sababu nilidhani klabu ya mchezo huo, ya zamani namna ile, ingekuwa na kitu cha mawe cha kujivunia, kumbe fahari yao kubwa ni kitu ambacho kufikia mwezi wa tano kimekwisha kuwa maji ya mto Inn.

Njia ya kwanza ilijengwa majira ya baridi ya 1884 kuingia 1885 na wageni Waingereza wa hoteli ya Kulm, Meja William Bulpett akiwa miongoni mwao. Inasimuliwa kwamba miaka 20 hivi kabla ya hapo Johannes Badrutt, mwenye hoteli hiyo, aliwashawishi wageni wake wa kiangazi warudi wakati wa baridi, akiwaahidi kuwalipia safari ikiwa hawatafurahi. Wageni hao walipozoea kuja, walihitaji cha kufanya, na sleji ambazo wenyeji walizitumia kubebea mizigo zikawa mchezo. Mwaka 1885 walishindana na watu wa Davos, mji mwingine wa milimani wa Uswisi, katika mashindano waliyoyaita Grand National, ambayo hushindaniwa hadi leo, na mwaka 1887 wakaunda St. Moritz Tobogganing Club. Mwanzoni walishuka wameketi. Baadaye wakaanza kulala kifudifudi, kichwa kikitangulia, na huo ndio mtindo uliobaki.

Tukateremka hadi Junction, kituo cha chini kidogo ambako wanaoanza huruhusiwa kuondokea, na ambako pana nyumba ya klabu na mnara wa kuongozea mchezo. Hapo nilisimama zaidi ya saa nzima. Sleji yenyewe ni fremu nzito ya chuma yenye reli mbili chini na mahali pa kulalia juu, haina usukani wala breki. Mpandaji akijisogeza nyuma, makali ya nyuma ya reli hushika barafu, na akijisogeza mbele, sleji huachiliwa ikakimbia. Cha kumpunguzia mwendo ni meno ya chuma yaliyofungwa kwenye ncha za viatu vyake, ambayo huyaburuta nyuma kama jembe. Wazoefu wanaotoka juu kabisa hufika karibu kilomita 130 kwa saa, uso ukiwa sentimita chache tu juu ya barafu.

Papa alinieleza kwamba kabla ya kuruhusiwa, kila mgeni lazima asikilize mafundisho ambayo klabu huyaita hotuba ya kifo, na kwamba wakati wa mafundisho hayo huonyeshwa mifupa ya mtu mzima iliyounganishwa kwa picha za eksirei za wapandaji waliovunjika kweli. Nilimwuliza kama si vitisho tu. Akatikisa kichwa akasema kwamba mtu akishajua ubaya wa kitu, akakubali kulala juu yake, hapo ndipo amechagua. Nilikubaliana naye wakati ule na bado ninakubaliana naye.

Kona iliyo mashuhuri kuliko zote inaitwa Shuttlecock. Ukingo wake umeachwa mfupi makusudi, ili anayekuja kwa mwendo asioumudu atupwe nje ya njia badala ya kugongeshwa ukutani, na nje yake wametandaza theluji laini na nyasi kavu. Tulipofika hapo, kijana mmoja alipaa mbele ya macho yetu, yeye upande huu na sleji yake upande ule, akaangukia nyasi na kutoweka ndani ya vumbi la theluji. Moyo wangu ulisimama. Kisha ukatokea mkono mmoja ulioinuliwa, halafu mwili mzima, na sauti kutoka kipaza sauti cha mnara ikawatangazia wote kwamba mpandaji ni mzima. Watu walimpigia makofi kwa dhati, kwani kwa desturi ya klabu, anayeanguka Shuttlecock huhesabiwa papo hapo kuwa mwanachama wa Shuttlecock Club na hupata haki ya kuvaa tai yake. Nyumbani kwetu mtu akianguka mbele za watu hujitahidi kuficha, na nilipenda sana kuona watu waliokubaliana kwamba kuanguka kuwe na tai.

Kama ilivyo kawaida ya watu wa jikoni, Papa alikuwa na shujaa wake. Alikuwa Nino Bibbia, Mwitalia aliyeishi mjini hapo na kuuza matunda na mboga, ambaye mwaka 1948, Olimpiki ilipofanyika St. Moritz kwa mara ya pili, alishinda medali ya dhahabu kwenye barafu ile ile. Katika mbio hizo hizo John Heaton wa Marekani alichukua fedha, kama alivyoichukua mahali hapo hapo mwaka 1928 nyuma ya ndugu yake Jennison, miaka 20 kabla. Papa aliipenda zaidi habari ya muuza mboga, na akaisimulia mara mbili.

Lakini lililonifanya nisiisahau asubuhi ile nililiona tuliporudi Junction. Miongoni mwa waliokuwa wakijifunga kinga za magoti na viwiko palikuwa na mwanamke, rika langu au zaidi kidogo, aliyekuwa akisukumia msuko wa nywele zake ndani ya kofia ngumu. Nilikuwa nimekwisha kusikia habari hiyo hotelini. Wanawake walipanda Cresta miaka ya mwanzo, wakashindana na wanaume na wakati mwingine wakawashinda, hadi mwaka 1929 klabu ilipowakataza, kwa maelezo kwamba mchezo ule ungewadhuru miili. Katazo hilo lilidumu miaka 89, likageuka kuwa desturi miongoni mwa desturi, hadi wanachama walipopiga kura mwaka 2018 na kuliondoa. Kwa hiyo ule ndio ulikuwa msimu wa kwanza, nami nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwake.

Kengele ililia, sauti ya mnara ikamtaja jina, akalala juu ya chuma na kuachia. Alikuwa mwangalifu sana. Tulisikia meno ya viatu vyake yakikwaruza barafu mfululizo hadi Shuttlecock, akaipita polepole karibu na ukingo wa ndani, na sauti ya mnara ikaendelea kumfuata kona baada ya kona hadi ikasoma muda wake wa kumalizia, ambao haukuwa wa kujivunia hata kidogo. Sikuupata vizuri. Nilichokisikia ni kwamba ulisomwa kwa sauti ile ile waliyosomewa wengine wote.

Jua lilikuwa limeanza kupiga kingo, na huko mchezo husimamishwa kabla barafu haijalainika, nasi masufuria yalikuwa yanatungoja. Tulipokuwa tukipanda kuelekea barabarani, lori linalowarudisha wapandaji kutoka chini lilitupita. Yule mwanamke alikuwa amekaa nyuma kati ya wanaume wawili, kofia mapajani, uso umeiva kwa baridi, akiwaonyesha kwa kiganja jinsi alivyoipinda kona. Papa alisimama akamwinulia mkono. Naye akainua wake, na lori likasimama Junction, akashuka akaenda kupanga foleni tena.